Mwanafunzi amekata rufaa dhidi ya adhabu ya udanganyifu: mhadhiri ajiandae vipi?

Swali: Mimi ni mhadhiri. Muhula uliopita nilimripoti mwanafunzi ambaye insha yake ilionyesha ufanano wa asilimia 46 kwenye Turnitin, programu inayolinganisha kazi za wanafunzi na maandishi mengine, na kamati ya nidhamu ikamfutia alama za somo zima. Sasa amekata rufaa, akidai kwamba hakupewa muda wa kutosha kujitetea na kwamba adhabu ni kubwa kuliko kosa. Nimeitwa kwenye kikao baada ya wiki tatu. Nijiandae vipi, na je, kuna ubaya nikikutana naye kabla ya siku hiyo tuyamalize?

Jibu: Kabla hujaifungua tena ile insha, isome barua ya rufaa sambamba na kifungu cha kanuni za chuo kinachotaja sababu zinazokubalika za kukata rufaa. Katika vyuo vingi sababu hizo ni chache: utaratibu kukiukwa, ushahidi mpya ambao haukuweza kupatikana mwanzoni, walioamua kuwa na upendeleo, au adhabu kutolingana na kosa. Wahadhiri wengi hufika kikaoni wakiwa tayari kuthibitisha upya kwamba mwanafunzi alinakili, ilhali mrufani mwenyewe wala hajalikana jambo hilo, na wajumbe hubaki wakisikiliza majibu ya swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Mwanafunzi wako ana hoja mbili, muda na uzito wa adhabu, na hizo ndizo za kujiandalia. Hata hivyo, viko vyuo ambavyo kamati ya rufaa husikiliza shauri upya tangu mwanzo, na hapo kosa lenyewe hulazimika kuthibitishwa tena. Muulize katibu wa kamati kwa maandishi utaratibu wenu ni upi.

Hoja ya muda hujibiwa kwa tarehe. Andaa ukurasa mmoja wenye mfuatano wa matukio: siku kazi ilipotolewa, siku ilipowasilishwa, siku ulipogundua tatizo, siku mwanafunzi alipopokea tuhuma pamoja na ushahidi, na siku ya kikao cha kwanza, kila tarehe iwe na waraka wake, uliopewa namba ya kielelezo. Nimeandaa majalada ya namna hii kwa muda mrefu, na mara nyingi nimeona shauri lenye ushahidi mzito likiyumba kwa sababu ya barua pepe iliyotumwa Ijumaa jioni kuhusu kikao cha Jumatatu asubuhi. Ikiwa kanuni zenu zinadai siku saba naye alipewa mbili, liseme hilo waziwazi. Huenda kasoro ilifanywa na ofisi nyingine, na si kazi yako kuitetea. Tena shauri likirudishwa lisikilizwe upya, mwanafunzi hatakuwa amesafishwa tuhuma.

Kuhusu adhabu, usiende kuomba ibaki wala ipunguzwe, labda uulizwe. Wape wajumbe vitu vya kupimia: sehemu ya insha iliyonakiliwa, uzito wa kazi hiyo katika alama za somo, na maelekezo ya kunukuu vyanzo uliyoyatoa, yakiwa na tarehe yalipotolewa. Makosa yake ya zamani usiyataje isipokuwa kanuni zinaruhusu na yamo kwenye jalada ambalo naye amepewa.

Ile asilimia 46 isikupe kiburi. Turnitin yenyewe hueleza kwamba ripoti yake huonyesha maandishi yanayofanana, na kwamba uamuzi kama huo ni wizi wa kitaaluma ni wa binadamu. Nukuu zilizofungwa vizuri na orodha ya marejeo huweza kuipandisha namba hiyo bila kosa lolote. Tengeneza jedwali la safu mbili, upande mmoja sentensi za mwanafunzi na upande wa pili chanzo chenyewe na ukurasa wake. Aya tatu zilizolinganishwa hivyo zitawasaidia wajumbe kuliko namba yoyote. Kama jaladani kuna pia matokeo ya programu inayodai kutambua maandishi ya akili mnemba, yachukulie kwa tahadhari kubwa zaidi: OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, iliondoa programu yake ya aina hiyo Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo, baada ya majaribio yake yenyewe kuonyesha kwamba ilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kuyadhania asilimia 9 ya maandishi ya binadamu kuwa ya mashine. Rasimu za kazi na historia ya mabadiliko ya faili zina uzito kuliko hayo.

Kukutana naye faraghani ili myamalize, hapana. Hata ukiwa na nia njema, neno lako moja la huruma litasomwa kuwa umekiri kosa, na neno kali litasomwa kuwa kitisho. Akikuandikia, mjibu kwa adabu kwamba shauri liko mbele ya kamati na umwelekeze kwa katibu; ikiwa bado unamfundisha, endelea kumhudumia kama wenzake. Usimdokezee mjumbe wa kamati habari za shauri hili, hata mkikutana chai. Na kama vielelezo vina majina ya wanafunzi wengine, yafute kabla ya kuvikabidhi.

Kikaoni wewe ni shahidi. Kiwango cha uthibitisho kwa kawaida ni mizani ya uwezekano, yaani kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba jambo lilitokea kuliko kwamba halikutokea, wala si kuthibitisha pasipo kuacha shaka kama katika kesi ya jinai. Kwa hiyo huna haja ya kutia chumvi. Tenganisha ulichokiona na unachokidhani, elekeza majibu kwa mwenyekiti hata swali likitoka kwa mwanafunzi au msaidizi wake, na usichokijua sema hukijui. Utetezi wake ukikugusa, usizibadilishe alama kwa hiari yako. Subiri uamuzi uje kwa maandishi.