Mpaka Haufunguliwi Siku Moja kwa Watu Wote

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: likija janga jingine kama Uviko-19 na nchi zikafunga mipaka, safari za nje zitafunguliwa baada ya muda gani? Mimi nauza tiketi za ndege hapa Majengo, Dodoma, na kipindi chote kile nilikuwa ofisini, kwa hiyo jibu ninalo, ila si la tarehe moja. Lori la mizigo halitasimama. Mtalii atarudi baada ya miezi michache, na mfanyabiashara wa Dubai atamfuata kwa karibu. Mwanafunzi wa Ipagala aliyepata nafasi ya kusomea udaktari China na mzee wa Kondoa aliyeweka akiba ya Hija, hao wahesabu miaka miwili na zaidi. Swali la muda gani haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza ni nani anayesafiri.

Safari ya nje ina makufuli manne, na funguo ziko kwa watu wasiokaa meza moja. La kwanza ni la nchi yako, la pili ni la nchi unayokwenda. La tatu ni la nchi unakounganisha ndege, maana Mtanzania anayekwenda mbali mara nyingi hupitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul. La nne ni la shirika la ndege lenyewe, ambalo haliwezi kurusha ndege kubwa yenye abiria wachache. Mwaka 2020 kufuli letu tulilifungua mapema sana. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa Aprili 12, na kufikia Mei 18 anga lilikuwa wazi tena. Wiki tano tu. Watu waliposikia redioni kwamba anga limefunguliwa walikuja ofisini na pasipoti mkononi, na kazi yangu ikawa kuwaeleza mmoja mmoja kwamba kwetu kumefunguliwa lakini kule anakokwenda bado. Wengine waliondoka wakiamini nimewaficha jambo. Siwalaumu, maana hakuna aliyewaambia kwamba tangazo la Dar es Salaam haliwezi kumfungulia mtu uwanja wa ndege wa Mumbai. India ilisimamisha ndege za kawaida za kimataifa Machi 23, 2020, na ilizirudisha Machi 27, 2022, miaka miwili kamili na siku zake. Katikati ya muda huo kulikuwa na ndege za mipango maalumu, na waliozipata ni wachache.

Nianze na waliofunguliwa kwanza. Anayekaa Dodoma anawaona kila siku, kwa sababu barabara kuu ya kwenda Singida, Nzega na mpaka wa Rusumo inapita hapahapa kwetu, na malori ya Rwanda na Burundi yanatupita usiku na mchana. Rwanda na Burundi hazina bahari. Mafuta, ngano na bidhaa zao nyingine nyingi zinashukia bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo hata ugonjwa ulipopamba moto hakuna aliyethubutu kuzuia mizigo. Kilichobishaniwa ni dereva. Rwanda ilitaka madereva wabadilishane gari mpakani, wetu wakagoma. Kenya nayo Mei 16, 2020 ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, ikaacha mizigo ipite kwa masharti ya kipimo, na foleni za Namanga na Holili zikawa ndefu mno. Mwezi huohuo viongozi wa nchi hizi walikutana na kutafuta njia. Walikutana haraka kwa sababu lori likilala mpakani kuna mtu mwenye sauti anayepoteza fedha, na wenye malori wana chama chao, TATOA, kinachojua mlango wa kugonga.

Watalii vivyo hivyo. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 wakashuka hadi kama 620,000, lakini mwisho wa mwaka huohuo ndege za kukodi kutoka Urusi na Ulaya Mashariki zilikuwa zikijaza hoteli za Zanzibar. Kufikia 2022 tulikuwa tumerudi zaidi ya milioni 1.4. Nafurahi kwamba walirudi. Madereva wa Arusha na wapishi wa Nungwi walikula kwa ajili yao, na sitasema kwamba kufungua anga Mei ilikuwa kosa. Nasema tu kwamba mlango ule ulikuwa wa kuingilia, na Mtanzania wa kutoka alibaki upande wa ndani.

Kwa nini alibaki? Hapa naomba nisemwe vibaya lakini nisikilizwe. Takwimu zetu za ugonjwa zilisimama mwanzoni mwa Mei 2020 zikiwa na wagonjwa 509, na kwa zaidi ya mwaka mzima dunia haikupata nyingine. Julai 1, 2020 Umoja wa Ulaya ulipotoa orodha yake ya kwanza ya nchi 15 ambazo wakazi wake wangeruhusiwa kuingia, Rwanda ilikuwamo. Vigezo havikuwa idadi ya wagonjwa peke yake, bali pia upimaji na kama takwimu za nchi zinaaminika. Nchi isiyo na takwimu haiwezi hata kushindanishwa. Kenya ilipofungua anga Agosti 2020 ilituacha nje ya orodha, sisi tukajibu kwa kuzuia ndege zao, na mambo yakatulia katikati ya Septemba. Januari 2021 Uingereza iliwafungia wasafiri kutoka Tanzania, na kufuli hilo lilikaa hadi Oktoba. Februari Oman nayo ikafunga, Oman ambako watu wa pwani na visiwani wana ndugu wa damu.

Najua atakayenijibu: mbona Afrika Kusini ilisema kweli ikaadhibiwa? Ni kweli iliadhibiwa, na ilikuwa dhuluma. Novemba 2021 wanasayansi wake walitangaza kirusi cha Omikroni, na kabla wiki haijaisha nchi nyingi zilikuwa zimefunga milango kwa kusini yote ya Afrika, ingawa baadaye sampuli za Uholanzi zilionyesha kirusi hicho kilikuwa tayari kimefika huko kabla ya tangazo. Lakini tazameni adhabu ile ilidumu muda gani. Uingereza iliziondoa nchi zile kwenye orodha nyekundu Desemba 15, na Marekani ikafuata Desemba 31. Wiki tano au chini yake, kwa sababu takwimu zilikuwa wazi na kila mtu aliweza kuona kwamba kufunga hakusaidii tena. Ukweli uliwagharimu wiki, na ukimya ulitugharimu miezi. Mimi niliyekuwa nahesabu tiketi zilizofutwa nina haki ya kulisema hilo.

Sasa wanafunzi. Hawa ndio wanaoniuma hadi leo.

Vijana wengi wa Kitanzania waliosoma China walirudi nyumbani kwa likizo ya Mwaka Mpya wa Kichina, Januari 2020, na sanduku dogo, nguo za wiki chache, vitabu wakaviacha bwenini. Machi 28 China ikasitisha kuingia kwa wageni, hata wenye viza na vibali halali vya kuishi. Hakuna aliyejua kwamba itakuwa hadi Agosti 24, 2022 ndipo wenye vibali vya masomo waruhusiwe tena, na kwamba karantini ya kuingia ingeondolewa Januari 8, 2023. Katikati hapo walisoma kwa intaneti. China iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo kipindi cha saa mbili asubuhi ya Beijing kwa Dodoma ni saa tisa usiku. Kijana anaamka nyumba nzima imelala, anawasha simu, bando linakata katikati ya somo. Na ada ililipwa.

Baba mmoja wa Chamwino alikuwa anakuja ofisini karibu kila mwezi kuuliza. Nilikuwa namwambia, "Shikamoo baba, bado." Anaitikia, anakaa kidogo, kisha anasema, "Mama, nimeuza ng'ombe nikalipa ada ya mwaka wa tatu, na mtoto anasomea udaktari chumbani kwenye simu. Huyo atamtibu nani?" Sikuwa na jibu, na sidhani aliyekuwa nalo alikuwa Dodoma. Udaktari una mambo yasiyofundishika kwenye kioo cha simu: kusikiliza kifua cha mgonjwa, kushona jeraha, kusimama zamu wodini na kuona mtu akizidiwa mbele yako. Wengine waliacha. Wengine walianza upya vyuo vya hapa nyumbani, mwaka wa kwanza tena, umri umesogea. Walioendelea, mlango ulipofunguliwa walikuta nauli imepanda mara kadhaa na hoteli ya karantini wanajilipia wenyewe.

Wenye malori walikuwa na chama, na wapeleka watalii wana chao, TATO. Mwanafunzi alikuwa na nani? Alikuwa na baba yake, na mimi, na kundi la WhatsApp la wenzake wakitumiana uvumi.

Mahujaji nao walikuwa hivyo, ingawa uamuzi ulikuwa wa Saudia peke yake na hakuna serikali ya nje ambayo ingeweza kuubadili. Umra kwa wageni ilisimamishwa Februari 27, 2020. Hija ya mwaka ule ilikuwa ya watu wachache waliokuwa tayari ndani ya nchi hiyo, na ya 2021 watu 60,000, wakazi wa humohumo. Mwaka 2022 wakaruhusiwa milioni moja, wageni wakiwamo, lakini wenye chanjo na walio chini ya miaka 65. Fikirini maana yake kwa watu wetu. Mkulima wa Kondoa hajiwekei akiba ya Hija kwa mwaka mmoja, anajiwekea maisha yake yote. Aliyekuwa na miaka 63 alipolipa, alikuwa na 65 mlango ulipofunguliwa. Sharti la umri liliondolewa 2023, na wapo ambao mwaka huo hawakuufikia.

Kuna jambo dogo ambalo watu wa Dar hawalioni. Cheti cha kipimo kwa nchi nyingi kilikuwa cha saa 72. Msafiri wangu wa Dodoma, katika mwaka wa kwanza, alilazimika kutangulia Dar, akapime, asubiri majibu kwa ndugu au gesti, na majibu yakichelewa ndege inaondoka na saa zake zinaanza upya. Nauli ya basi, malazi na kipimo vilimla kabla hajafika uwanja wa ndege. Janga jingine likija, hospitali kubwa za mikoani, Benjamin Mkapa ya hapa Dodoma ikiwa mojawapo, ziwe na mamlaka ya kutoa cheti cha msafiri tangu mwezi wa kwanza. Uwanja wa ndege wa Msalato hapa Dodoma utatusaidia nini kama cheti kinapatikana Dar peke yake?

Chanjo pia ilituchelewesha. Shehena yetu ya kwanza, dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson, ilifika Julai 2021, na Rais Samia akachanjwa hadharani Julai 28. Iliangukia vizuri kwamba Saudia ilikuwa inaitambua chanjo hiyo. Waliochanjwa mapema waliweza kuanza kuulizia Umra Agosti, Saudia ilipowafungulia wageni wenye chanjo, na waliosita nilikaa nao nikawaeleza taratibu, wengi wakanielewa.

Kinachonipa moyo ni Januari 2025. Ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa Biharamulo, Rais aliutangaza hapahapa Dodoma, akiwa na mkuu wa Shirika la Afya Duniani pembeni yake. Marburg hauenei kwa hewa kama Korona, hilo ni kweli na lilisaidia. Lakini taarifa zilitoka, mipaka yetu na majirani ikabaki wazi, na Machi 13 mlipuko ukatangazwa kuisha. Ofisini kwangu hakuna aliyefuta safari kwa sababu nchi anayokwenda imemkataa. Nchi ileile, miaka mitano baadaye.

Kwa hiyo nikiulizwa tena muda gani, nitauliza kwanza kama takwimu zetu zitatoka kila wiki, na kama kwenye kikao cha kwanza cha mawaziri, siku ileile wanayojadili malori, kutakuwa na karatasi ya pili mezani yenye majina ya wanafunzi walioko nje na walioganda nyumbani: chuo, mwaka wa masomo, tarehe ya kibali kuisha. Karatasi hiyo haipo leo mahali ambapo mzazi wa Chamwino anaweza kwenda kuandikisha jina la mwanawe. Wizara ya Elimu iko Mtumba, mwendo mfupi kutoka hapa nilipo, na daftari hilo linaweza kufunguliwa mwaka huu kukiwa shwari. Likiwepo, nitakadiria mwaka mmoja kwa mwanafunzi. Lisipokuwepo, nitamwambia baba yule auze ng'ombe kwa ajili ya chuo cha hapa nchini.

Msomaji, wakala wa tiketi, Majengo, Dodoma