Uvimbe Usiouma Chini ya Ulimi

Maswali ya wasomaji: Daktari anajibu

SWALI: Daktari, jambo sana. Binti yangu ana miaka 19. Tangu mwaka jana ameota uvimbe chini ya ulimi, katikati kabisa. Haumi, lakini umekua kidogo kidogo hadi ulimi umeinuka, na sasa anaongea kama mtu mwenye tonge la bukari mdomoni. Jirani anasema ni maji tu, tuutoboe kwa sindano. Shangazi yake anasema ni kansa. Mimi najiuliza kama kuna kosa nililofanya wakati wa mimba yake. Tufanye nini? (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Mama, umeeleza vizuri, na neno lako la «katikati kabisa» limenisaidia kuliko yote. Siwezi kumpima mtu kwa barua, lakini uvimbe laini uliokaa katikati chini ya ulimi, unaokua polepole bila maumivu kwa kijana wa umri huo, humfanya daktari afikirie kifuko cha dermoidi au ndugu yake, epidermoidi. Vifuko hivi ni nadra kinywani, kwa hiyo usishangae ukikutana na muuguzi ambaye hajawahi kuviona.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Katika wiki ya tatu na ya nne ya mimba, sehemu zitakazokuwa taya la chini na ulimi hutoka upande wa kulia na wa kushoto, zikakutana katikati na kuungana. Chembechembe za ngozi zikinaswa kwenye maungio hayo, hukaa humo kimya kwa miaka mingi huku zikiendelea na kazi ya ngozi, yaani kubambuka, ila mabaki hayana pa kutokea, na ndiyo maana ndani hukutwa uchafu mzito, mweupe au wa manjano, wala si maji. Kifuko chenye ukuta wa ngozi tupu huitwa epidermoidi. Kikiwa pia na vinyweleo, tezi za mafuta au za jasho, ni dermoidi. Wiki hizo mama wengi hata hawajajua kuwa wana mimba. Hukukosea kitu, na hakuna aliyemroga mtoto.

Kuhusu sindano ya jirani, namwomba aiweke chini. Uchafu mzito hautoki wote kwa tundu dogo, na hata ukitoka, ukuta unaoutengeneza umebaki palepale, hivyo uvimbe utarudi. Baya zaidi, sindano chafu huingiza vijidudu, na usaha ukienea chini ya ulimi unaweza kuziba njia ya hewa. Daktari wa upasuaji naye atakuta ukuta umeshikamana na nyama za jirani, na kazi iliyokuwa nyepesi inakuwa ngumu.

Shangazi naye atulie: kifuko cha aina hii kugeuka saratani ni jambo la nadra sana. Hata hivyo kinachotolewa hupelekwa maabara kikatazamwe kwa hadubini, kwa sababu jicho peke yake halitoshi.

Mpelekeni kwa daktari wa upasuaji wa kinywa na taya, au wa masikio, pua na koo. Hapa mjini ulizeni Hospitali ya Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu. Ataanza kwa kuubonyeza uvimbe kwa vidole, kisha ataomba picha za ndani ya mwili, yaani ekografi, na pengine skana, ili ajue umelala juu au chini ya misuli inayotoka kidevuni kwenda kooni. Ulio juu yake, kama unavyoelekea kuwa wa binti yako, kwa kawaida hutolewa kupitia kinywani, bila kovu usoni. Ulio chini, ambao huonekana kama kidevu cha pili, hutolewa kwa kupasua chini ya kidevu. Mwambieni mapema mtaalamu wa nusukaputi kwamba ulimi umeinuka, maana kupitisha mpira wa hewa mdomoni huenda kukawa kugumu, na mara nyingine hupitishwa puani. Kifuko kikitoka kizima na ukuta wake, ni nadra kurudi.

Msisubiri miadi iwapo atapata homa, uvimbe ukianza kuuma au kukua ghafla, akishindwa kumeza mate au kupumua akiwa amelala. Hapo ni dharura, hata kama ni usiku wa manane.

SWALI: Je, ranula ni ugonjwa huohuo? (Msomaji wa Ruashi)

JIBU: Hapana. Ranula ni mate yaliyovuja kutoka tezi ya chini ya ulimi. Mara nyingi hukaa upande mmoja, ngozi yake ni nyembamba yenye rangi ya samawati, na huweza kupasuka yenyewe, ikanywea, kisha ikajaa tena. Matibabu yake pia ni tofauti, kwa kuwa mara nyingi hulazimu kuiondoa tezi yenyewe.