Ada ya bima ya nje: waulize imeandikwa wapi

Msomaji wa Kasulu kaniandikia: "Dada, nina mkopo wa nyumba. Bima nimekata mwenyewe, sasa benki wananidai ada ya kupokea bima ya nje, yaani isiyopitia kwao. Nilipe?"

Usilipe kwanza. Vita hiyo mimi nimeipigana nikashinda, na bado inaniuma.

Nyumba yangu iko Mwanga, hapa Kigoma mjini. Benki, ambayo siitaji, ilitaka jengo liwe na bima muda wote wa mkopo. Hapo sina ugomvi. Nyumba ikiungua, dhamana yao imeungua. Ugomvi ulikuja kwenye bei. Bima waliyonitafutia wao ilikuwa shilingi 210,000 kwa mwaka, VAT ndani. Wakala niliyemwendea mwenyewe akanipa ya moto pamoja na mafuriko kwa 140,000. Kumbe benki walikatia bima thamani yote ya mthamini, kiwanja kikiwemo. Kiwanja kinaungua jamani?

Kijana wa mikopo aliitazama kavanoti yangu, yaani hati ya kuonyesha nimekata bima, akaisukuma pembeni kwa ncha ya kalamu. "Mama, bima ya nje ina ada ya elfu sitini kila mwaka."

Piga hesabu. Naokoa elfu sabini, wanachukua sitini. Kwa elfu kumi nani atahangaika? Wengi wanarudi kwenye bima ya benki, na ndiko wanakotakiwa. Wala si kwetu tu: Uingereza nako wapo wakopeshaji waliotoza pauni 25 hivi kwa mteja aliyejitafutia bima.

"Mwanangu, imeandikwa wapi?"

Akafungua faili. Barua ya ofa ilisema bima itoke kampuni inayokubalika na benki, basi. Ada haimo. Kwenye orodha ya ada iliyobandikwa ukutani, haimo. "Ni utaratibu wetu, mama." Utaratibu! Na wenzake wananitazama kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

Ya katikati nayaruka: barua, njoo kesho, meneja yuko semina. Ada ilifutwa, kwa maandishi. Nakala nimeipiga laminesheni, mniache nijidai.

Sasa wewe. Kabla ya kusaini, uliza kama kuna ada ya bima ya nje, na kama ni ya mara moja au ya kila mwaka. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mlaji wa huduma za fedha zinataka uelezwe ada zote. Kampuni iwe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na jina la benki liandikwe kwenye bima kama mwenye maslahi. Lisipokuwemo, wana haki ya kuikataa. Kata kwa gharama ya kujenga upya, wala usipunje: ukipunja, na fidia itapunjwa kwa uwiano huohuo. Mlio karibu na ziwa, ulizeni mafuriko kwa jina lake. Watu wa Kibirizi wanajua Tanganyika likipanda linavyoingia ndani bila hodi.

Tuache kusaini huku tunaangalia saa. Mtu anabishania bei ya fungu la dagaa nusu saa, halafu mkataba wa miaka 15 anausaini amesimama! Soma. Uliza. Ukiitwa mbishi, itika.

Ndugu yangu wa Kasulu, andika barua leo, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikujibu kwa mdomo, waombe waandike.