Usimuuze mrushaji kabla hujamkagua kocha

Nilimuuza Komba mwezi wa Julai, na hadi leo najuta. Komba si mtu wa kweli. Ni mrushaji, yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, aliyetengenezwa na kompyuta ndani ya Out of the Park Baseball, mchezo wa kuendesha timu ya besiboli ambao Mjerumani Markus Heinsohn aliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1999. Jina la mrushaji huyo lilikuwa refu, nikambatiza Komba kwa sababu ya yale macho makubwa kwenye picha yake. Miaka 22, mkono wa kushoto, mpira unakwenda maili 97 kwa saa. Aprili na Mei hakushikika. Juni akaanza kupigwa kama ngoma ya harusi. Nikajiona nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, nikambadilisha na mdakaji mmoja mzee wa timu nyingine. Huko alikokwenda akawa mfalme.

Kumbe mchawi nilikuwa mimi.

Kwenye ukurasa wa mbinu za timu kuna kipimo cha kusogeza kinachoamua kocha amtoe mapema au achelewe kumtoa yule mrushaji anayeanzisha mechi. Wengi wetu hatuchezi mechi moja moja; msimu una mechi 162, na watu tuna kazi na watoto. Tunaiachia kompyuta ituendeshee. Basi kocha wa kompyuta anafuata pale ulipokiacha kile kipimo, nawe umelala.

Mimi nilikisogeza hadi karibu na mwisho, upande wa uvumilivu, na sababu yenyewe inachekesha. Naishi Minneapolis, na kazini kuna mzee mmoja mwenyeji ambaye hachoki kusimulia fainali ya besiboli ya Marekani ya 1991, mfululizo wa mechi hadi saba. Mechi ya 7, Jack Morris wa Minnesota Twins, timu ya hapa, karusha inningi 9 (vipindi vyote vya mechi ya kawaida) bila kuruhusu mkimbio, yaani pointi, hata mmoja, ubao unasoma sifuri kwa sifuri. Kocha Tom Kelly anataka kumpumzisha, Morris hasikii. Akarudi kurusha ya 10, Twins wakashinda 1-0. Nilipokuwa natoka kwenye simulizi ile kila mrushaji wangu nilimwona Morris.

Ila Morris alikuwa na miaka 36, akiwa kwenye mechi ya mwisho kabisa ya mwaka. Komba wangu alikuwa kijana kwenye mechi ya kawaida ya mwezi Mei. Baada ya kumuuza ndipo nilipofungua kumbukumbu za mechi zake, nikakuta moja iliyonitia aibu: inningi ya 8, tunaongoza 7-1, na Komba bado yuko kwenye kile kilima cha kurushia, mrusho wa 121. Saba kwa moja! Hata mtoto angemtoa. Nikatazama mechi iliyofuata: kaingia uwanjani nguvu hazijarudi, kwa sababu nilikuwa pia nimeamuru zamu za warushaji wangu watano zifuatwe kwa mpangilio ule ule, mtu awe amepona uchovu au hajapona. Mchezo unahesabu hayo. Kadiri mirusho inavyozidi, ndivyo mrushaji anavyopungua makali ndani ya mechi, ndivyo anavyohitaji siku nyingi za kupumzika, na ndivyo hatari ya kuumia inavyopanda. Nilikuwa nasoma wastani wa mikimbio aliyoruhusu nikidhani nasoma kipaji chake.

Msimu uliofuata nikaruka majivu nikakanyaga moto. Kipimo nikakipeleka upande wa pili, kocha akawa na haraka kama konda wa daladala. Waanzishaji wakawa wabichi kila siku, ndiyo, lakini kufika Julai warushaji wangu wa akiba, wanaoingia mwanzishaji akitoka, walikuwa hoi, na mechi zikawa zinatuponyoka mikononi kwenye inningi za mwisho. Halafu sheria ya besiboli inamtaka mwanzishaji amalize inningi 5 ili ushindi uandikwe kwa jina lake. Mrushaji wangu bora alitolewa mara kadhaa katikati ya inningi ya 5 huku tukiongoza. Ukitazama safu ya ushindi tu, utadhani ni wa kawaida.

Na si michezo ya kompyuta tu inayoumiza hivyo. Fainali ya 2020, mechi ya 6, Blake Snell wa Tampa Bay Rays alikuwa ameruhusu mapigo 2 tu na kuwatoa wapigaji 9 kwa straiki, yaani mirusho mizuri wasiyoweza kuipiga. Kocha Kevin Cash akamtoa inningi ya 6, baada ya mirusho 73, akiongoza 1-0. Ndani ya inningi hiyo hiyo wapinzani wao, Los Angeles Dodgers, wakapata mikimbio 2, wakashinda 3-1 na kombe wakachukua. Cash alikuwa na hoja: wapigaji wakikutana na mrushaji kwa mara ya tatu huwa wameshamsoma. Ila usiku ule haikumsaidia.

Siku hizi kipimo cha timu nakiacha karibu na katikati, kazi naifanya kwa mrushaji mmoja mmoja, maana mchezo unaruhusu kumwekea kila mtu kikomo chake cha mirusho. Mwenye stamina kubwa namwachia afike 105. Kijana wa miaka 22 hapiti 90, hata kama anang'ara. Kabla ya kuongeza haraka ya kocha nawatazama kwanza wa akiba: kama wanaoaminika ni wawili tu, haraka hiyo itawaua. Zamu nazo nimezilegeza, aliyepumzika zaidi ndiye anayeanza. Na nikigusa kipimo chochote, nasubiri mwezi mzima kabla ya kugusa kingine, vinginevyo sitajua kipi kimeleta nini.

Komba sasa ana miaka 27. Mkataba wake kule unaisha mwisho wa msimu huu, nami nimeshawaacha wachezaji wawili wa bei ghali ili nipate nafasi kwenye bajeti.