Usifute ujumbe kabla kazi haijaisha

Mama mwenye farmasi kule Katuba alinipigia simu saa tano asubuhi, na siku hiyo hata salamu hakutoa. "Papa, miye niliomba katoni tatu za parasetamoli. Sasa hizi sita ni za nani?" Nikamwomba anisomee namba iliyo kwenye karatasi ya kwanza, kisha ya pili. Namba ile ile. Agizo moja lilikuwa limechapishwa mara mbili, na vijana wawili wa pikipiki walilibeba kila mmoja kwa wakati wake bila kujuana.

Programu ile niliiandika mimi, kwa ajili ya depo ya dawa hapa Lubumbashi. Farmasi ndogo za mtaani huagiza kwa simu, agizo linapita kwenye seva ndogo iliyo kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa mtandao, seva inaliweka kwenye foleni ya Amazon SQS, huduma inayotunza jumbe hadi programu nyingine izichukue, na kompyuta ya depo inalichukua huko na kulichapisha. Foleni niliiweka Cape Town, kwenye vituo ambavyo Amazon walivifungua mwaka 2020, kwa kuwa ndivyo vilivyo karibu nasi zaidi. Sababu ya kutumia foleni ni moja tu: umeme wa depo ukikatika, maagizo yanasubiri. Ujumbe unakaa siku 4 usipobadilisha chochote, na unaweza kuongeza hadi siku 14.

Cha kuchekesha ni kwamba wiki mbili kabla ya simu ile nilikuwa nikilia shida ya upande wa pili: maagizo yalikuwa yanapotea. Msimbo wangu wa kwanza ulipokea ujumbe, ukaufuta papo hapo kwenye foleni, ndipo ukaanza kazi. Niliona huo ndio usafi. Siku moja umeme ukakatika katikati, na betri ya akiba ilikuwa imeshachoka siku nyingi. Maagizo kumi yalikuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu. Kwenye foleni hayapo, kwenye hifadhidata hayapo, kwenye karatasi hayapo.

Hapo ndipo wengi tunapoielewa foleni vibaya. Kupokea si kuchukua moja kwa moja. Ukipokea ujumbe, foleni inauficha tu ili mwingine asiuone kwa muda, na inakupa kitambulisho cha mapokezi. Ukimaliza kazi, unarudi na kitambulisho hicho kusema "futa". Usiporudi, foleni inaamini umekufa njiani na inautoa tena kwa atakayekuja. Basi nikahamisha kufuta hadi mwisho kabisa, nikalala usingizi mzuri.

Muda huo wa kuficha, usipougusa, ni sekunde 30. Printa ya depo ni kuukuu. Karatasi ikikwama, kijana wa stoo anaifungua, anaivuta taratibu, anaifunga, anaitukana kidogo, na dakika mbili zimeshapita. Wakati huo kompyuta ya pili, ile ya nyuma kwenye stoo, inauliza foleni na kukabidhiwa agizo lile lile. Ndizo katoni sita za mama wa Katuba.

Suluhisho la haraka ni kuongeza muda. Mimi niliweka dakika 5, na kikomo chake ni muda wa saa 12. Lakini usiishie hapo, maana SQS ya kawaida inakuahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja. Haijakuahidi mara moja tu. Hata ukiwa na printa mpya, iko siku ujumbe utakuja mara mbili, kwa hiyo kazi yenyewe iandikwe kwa namna ambayo kurudiwa hakuidhuru.

Kinachosaidia ni namba ya agizo, na swali ni nani anaitoa. Nilianza kwa kutumia namba ambayo foleni yenyewe hubandika kwenye kila ujumbe. Haikufaa. Simu ya farmasi inatuma, mtandao unakatika kabla ya jibu kurudi, simu inadhani haikutuma, inatuma tena. Sasa foleni ina jumbe mbili zenye namba mbili tofauti, na wewe huna pa kujua kwamba ni agizo moja. Namba lazima izaliwe kwenye simu, pale pale mteja anapobonyeza "agiza", na iandikwe ndani ya simu kabla ya kutumwa kokote.

Utaambiwa utumie foleni ya FIFO, ile inayotunza mpangilio na kuzuia marudio. Ni nzuri, lakini inakumbuka marudio kwa dakika 5 tu. Huku kwetu mtandao ukienda unaweza kurudi baada ya saa nzima.

Msimbo wangu wa sasa, kwa Python, ukiondoa mapambo:

jibu = sqs.receive_message(QueueUrl=foleni, MaxNumberOfMessages=10, WaitTimeSeconds=20)
for ujumbe in jibu.get("Messages", []):
    agizo = json.loads(ujumbe["Body"])
    hifadhi(agizo)
    sqs.delete_message(QueueUrl=foleni, ReceiptHandle=ujumbe["ReceiptHandle"])

Ndani ya hifadhi() sianzi kwa kuuliza "namba hii ipo?" kisha niandike. Kompyuta mbili zinaweza kuuliza kwa pamoja, zote zikajibiwa "haipo". Safu ya namba nimeifanya isiyokubali kurudiwa, na hifadhidata yenyewe ndiyo inayokataa. Kuchapisha nako nimekutoa humu: programu nyingine inasoma hifadhidata na kuchapisha yasiyochapishwa. Foleni haingoji tena printa.

Ile sekunde 20 ya WaitTimeSeconds, muda wa kungoja ujumbe ufike, nayo si pambo. Usipoiweka, foleni inakujibu "hamna" papo hapo, nawe unauliza tena na tena. Ukiuliza kila sekunde ni maombi 86,400 kwa siku, zaidi ya milioni 2.5 kwa mwezi, wakati ya bure ni milioni 1. Ukisubiri sekunde 20 kila mara, foleni ikiwa tupu, ni 4,320 kwa siku. Na megabaiti za depo tunanunua kwa pesa.

Kuna pia ujumbe mbovu. Farmasi moja ilituma agizo lisilo na idadi, msimbo ukaanguka, ujumbe ukarudi, msimbo ukaanguka tena, usiku kucha. Tengeneza foleni ya pili ya jumbe zilizoshindikana, na uiambie ile ya kwanza kwamba ujumbe ukipokewa mara 5 bila kufutwa uhamie huko. Hiyo ya pili ipe siku 14, kwa sababu kwenye foleni ya kawaida umri wa ujumbe unahesabiwa tangu ulipotumwa mara ya kwanza. Zote zikiwa na siku 4, utafika Jumatatu ukute hata ushahidi umefutika. Na mtu awe anaiangalia! Yangu ilikaa wiki nzima ina maagizo manne.

Funguo za wingu, yaani maneno ya siri yanayoifungulia programu foleni, usiziweke ndani ya programu ya simu. Hilo halina mjadala.

Bado kuna tundu moja sijaliziba kwa msimbo: umeme ukikatika karatasi imeshatoka lakini hifadhidata haijaandika "imechapishwa". Namba ya agizo sasa inachapishwa kwa herufi kubwa juu ya karatasi, na kijana wa stoo anaiandika kwenye daftari kabla ya katoni kutoka mlangoni. Akiikuta imo, anaichana karatasi.

Siku hizi, kabla ya kumkabidhi mteja programu, nachomoa waya wa umeme mara tatu: mara baada ya kupokea, mara baada ya kuhifadhi, na mara karatasi ikiwa nusu nje ya printa. Mwenye depo aliponiona nikifanya hivyo alidhani nimekasirika.