Ankara Ziwekwe Mezani Lini?

SWALI: Mimi ni mkaguzi wa ndani. Nimegundua kwamba kwa miezi mitatu tumemlipa mzabuni ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na hati zote za malipo ziliandaliwa na mhasibu mmoja. Nitamhoji wiki ijayo. Mkuu wangu ananishauri nimtandazie ankara zote mara tu anapoketi, kisha nimsome usoni. Je, yuko sahihi?

JIBU: Ndugu mkaguzi, ankara hizo ziache kwanza ndani ya jalada. Ukizitoa mwanzoni utakuwa umemwonesha yote unayoyajua na, kibaya zaidi, yote usiyoyajua, naye atatunga maelezo ya kupita katikati.

Tuseme ankara za mzabuni huyo zina namba 41, 42 na 43, ingawa kila moja imetolewa mwezi wake. Hilo linaashiria kwamba mzabuni hana mteja mwingine ila ninyi. Usilitaje. Mwombe mhasibu akueleze kwa maneno yake mzabuni alipatikanaje, nani alipokea bidhaa, nani aliingiza namba ya akaunti kwenye mfumo, na nani mwingine anaijua nywila yake. Kisha nyamaza umsikilize bila kumkatiza. Akisema kwamba ni kampuni kubwa yenye wateja tele, andika kauli hiyo, hakikisha umemwelewa, ndipo uzipange ankara tatu sambamba mbele yake na kumwomba ufafanuzi. Kama hana hatia, utaratibu huu haumdhuru, kwa sababu amepata nafasi ya kujieleza kabla ya kushutumiwa.

Kuhusu kumsoma usoni, namwomba mkuu wako radhi. Uchambuzi wa wanasaikolojia Bond na DePaulo wa mwaka 2006, uliojumlisha tafiti nyingi, ulionesha kwamba watu hutofautisha ukweli na uongo kwa usahihi wa takriban asilimia 54, yaani hawaizidi sana sarafu iliyorushwa juu. Anayetokwa jasho huenda anaogopa tu kufukuzwa kazi.

Polisi wa Uingereza walianza kuachana na mahojiano ya kusaka ungamo mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaingia kwenye utaratibu wa mahojiano ya kukusanya taarifa uitwao PEACE, ambao hatua yake ya kwanza ni maandalizi. Kwa kesi za fedha, hapo ndipo kazi kubwa ilipo: nakili kumbukumbu za kompyuta kabla mhusika hajashtuka, wahoji mtunza ghala na aliyeidhinisha malipo, na mhasibu umwite mwisho. Mwanasheria akueleze mapema haki za mhojiwa, maana sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi. Mlango usifungwe kwa ufunguo, wala usimwahidi kwamba akirudisha fedha yataisha. Ahadi hiyo si yako kuitoa, na inaweza kulibatilisha ungamo lenyewe.

Akikiri, usifurahi haraka. Muulize mambo ambayo mtendaji pekee angeyajua, kama vile akaunti ilifunguliwaje na fedha zilitolewa kwa njia gani, kisha uyalinganishe na taarifa za benki.

Jambo la mwisho, na wakaguzi wengi hulisahau: kabla ya kumwita, pitia daftari la likizo. Ikiwa ankara namba 42 iliingizwa kwa nywila yake siku ambayo yeye hakuwepo kazini, una mtu mwingine wa kumhoji.