Nikiolewa tena, baba yake atamchukua mtoto?

SWALI: Assalaam alaykum, Shekhe. Niliachwa nikiwa na mtoto wa kiume, sasa ana miaka minne, tunaishi kwa mama yangu hapa Tanga. Baba yake hatoi hata ya uji, husema, "Yuko kwako, mlee mwenyewe." Nimeposwa, naye kasikia. Anasema nikiolewa tu anakuja kumbeba, ndiyo sheria. Ni kweli?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullah. Ameshika nusu ya sheria, dada yangu. Mtume (s.a.w.) alimwambia mama mmoja aliyetaka kunyang'anywa mwanawe: "Wewe una haki naye zaidi maadamu hujaolewa" (Abu Dawud). Hiyo ndiyo anayoishika. Nusu nyingine ni kwamba, kwa madhehebu yetu ya Shafii, malezi yakikutoka hayaendi kwa baba. Yanakwenda kwa mama yako, naye keshakuwa na mtoto nyumbani.

Sayyidna Umar mwenyewe yalimkuta. Baada ya kumwacha mkewe, alimkuta mwanawe Asim akicheza uwanjani mwa msikiti wa Quba, akamshika mkono, akampandisha kwenye mnyama wake. Bibi wa mtoto, mzaa mama, akamkimbilia wakavutana hadi kwa Abubakar. Huyu asema ni mwanangu, na yule asema ni mwanangu. Abubakar akamwambia Umar, mwachie. Umar, pamoja na ukali wake wote, hakurudisha neno. Hayo kayapokea Imam Malik.

Tena, baba na mumeo mpya wakiridhia mtoto akae nawe, atabaki kwako. Muulize mchumba wako kabla ya akdi, si baada.

Nafaka, yaani matunzo ya mtoto, ni jambo jingine kabisa. Chakula, nguo na dawa ni juu ya baba, awe mtoto yuko kwako, kwa bibi au kwa shangazi (Al-Baqara 2:233). Asemaye "mlee mwenyewe" anakimbia wajibu wake. Nawe usimzuie kumwona mwanawe kwa kuwa hatoi.

Akifika umri wa kupambanua, kama miaka 7, mtoto huchagua mwenyewe. Mtume alimpa hiari kijana mmoja, akamshika mama yake mkono. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 nayo huchukulia kuwa aliye chini ya miaka 7 ni heri awe kwa mama, mpaka ithibitike vinginevyo.

Akija kumchukua kwa nguvu, msigombane mlangoni. Nendeni kwa shekhe wa wilaya na wazee wa pande zote mbili, muandikiane malezi, nafaka na siku za kumtembelea. Akikataa, mahakama ipo.

Wallahu aalam.